Barua ya wazi kwa wakubwa wa misitu: lipeni mti uliopona, siyo mti uliopigwa picha

Kwa: Mkuu wa ofisi inayosimamia msitu wetu, na wakubwa wako wote hadi juu
Kutoka: Katibu wa kikundi cha kitalu, upande wa mabati, Nairobi
YAH: MSITU UKO NYUMA YA NYUMBA ZETU NA BADO TUNALALA NJAA

Mheshimiwa,

Natumai barua hii inakupata ukiwa mzima, wewe na watu wa nyumbani.

Mimi ndiye yule katibu wa zile barua nne. Zote nilileta mwenyewe kwa mkono, zote zikapigwa muhuri pale kaunta, na nakala zake niko nazo hapa kwa folda ya plastiki ambayo huwa naiweka chini ya godoro maana nyumba yetu inavuja. Nilipoleta ya nne yule dada wa kaunta alinionea huruma akaniambia, sasa ukileta ya tano si itabidi tukufungulie faili yako peke yako, tukacheka wote wawili nikaenda zangu. Basi hii ndiyo ya tano. Sikuileta kaunta, nimeiweka hapa wazi kila mtu asome, na naomba usione ni madharau, ni vile tu nimechoka kupigiwa muhuri.

Sitataja ofisi yako kwa jina, wala msitu, wala mtu yeyote wa huko kwenu. Unajijua, na sisi hatutafuti kumwaga unga wa mtu. Tunatafuta wetu.

Wacha nianze na kitalu kwa sababu sidhani umewahi kukiona. Desemba 2022 nchi ilitangaziwa miti bilioni 15 kufikia 2032, na miezi michache baadaye ofisa wenu akaja kwa baraza letu la mtaa, akasimama juu ya kreti ya soda, akatuambia serikali itahitaji miche mingi kuliko ile iliyopo nchi nzima, na wale watakuwa wa kwanza kununuliwa ni vikundi vinavyokaa mpakani mwa msitu, kwa hivyo jipangeni. Tukajipanga. Watu 31, akina mama 24, shilingi 200 kila wiki kila mtu, na kwa Nairobi hii 200 ni chakula cha watoto cha siku moja, usifikirie ni pesa ya mchezo. Pakiti za maziwa tuliokota na zingine tukanunua kwa akina mama wa chai, tunaziosha, tunazitoboa matundu matatu chini kwa msumari, tunajaza udongo karai tatu, mchanga karai moja, samadi karai moja. Mbegu tulikusanya wenyewe chini ya miti. Mwiri usichelewe nao, mbegu yake ikikauka tu imekufa, ukiokota leo leo upande. Muhugu nao una kisirani chake, unapanda mia unaota robo na hapo ushukuru Mungu. Mkinduri ndio hauna shida, huo ukiutupa hata kwa mtaro unaota.

Maji tulinunua. Mtungi wa lita 20 shilingi 10, na wakati wa kiangazi mpaka 20. Hapa niseme kitu kidogo kisha nirudi. Maji mengi ya Nairobi yanatoka bwawa la Ndakaini, na Ndakaini inajazwa na mito inayoshuka kutoka Aberdare, yaani msitu ndio unapika chai ya jiji hili lote, lakini mtu wa mtungi analipa kila lita ghali kuliko yule wa bomba na bustani. Kwa hivyo mtu akiniambia msitu unafaidi kila mtu sawasawa mimi huwa namwangalia tu.

Tukafikisha miche 38,000. Elfu thelathini na nane, mheshimiwa, imepangwa kwa mistari chini ya neti, na jioni ukisimama pale geti ukaangalia unasikia kama una kitu hapa duniani.

Sasa malalamiko yetu ni haya:

1. MICHE YETU HAIKUNUNULIWA, ILIPITWA.

Novemba 13, 2023 ilikuwa sikukuu ya nchi nzima kupanda miti, mnakumbuka. Hapa kwetu sherehe ilifanyiwa ndani ya msitu huu huu, hatua mia nne hivi kutoka kitalu chetu. Asubuhi lori mbili za miche zikapita mbele ya geti letu zikitoka mbali, zimenunuliwa kwa mtu ambaye hata sasa hatumjui. Lori ya pili ikakwama kwenye matope, na waliokuja kuisukuma ni vijana wa kikundi chetu. Walisukuma miche ya mtu mwingine ikapita miche yao. Mmoja wao akageuka akaniuliza, Katibu, tusukume au tuwache? Nikamwambia sukuma, mvua isipotee bure. Hilo jibu bado linanisumbua mpaka leo.

Baada ya hapo tulikuwa tunaambiwa mngoje awamu ingine. Mche haungoji awamu. Mzizi ukikosa nafasi ndani ya pakiti unatoboa chini unaingia ardhini, na ukikaa hivyo miezi, siku ya kuunyanyua unasikia unachanika kama shuka kuukuu, na ukishachanika umeua nusu ya mche. Tulikuwa tunakata mizizi kila wiki mbili, tunasogeza pakiti, tunakata tena. Tuliuza kama 4,000 kando ya barabara kwa shilingi 20 kwa watu wa magari, zingine tukagawia shule na makanisa, zilizobaki zikawa ndefu zikalala kama mlevi. Shosho wetu, ndiye mkubwa wa kikundi na huuza githeri pale steji, alikuwa amekopa kwa chama ili tununue neti, na kulipa lile deni akauza sufuria yake kubwa. Sufuria ya githeri, mheshimiwa. Hiyo ilikuwa ofisi yake.

Alafu kuna jambo lingine. Mwaka uliofuata tulienda na kamba tukahesabu kile kipande cha sherehe, siyo chote, tulipita kwenye miche 1,000. Iliyokuwa hai ni 212. Mingine ilikuwa imepandwa na karatasi yake, imefungwa, kama mtu aliyezikwa na viatu. Hakuna mtu alikuwa amerudi kumwagilia wala kung'oa magugu kwa sababu hakuna mtu alikuwa amelipwa kurudi, malipo yalikuwa ni ya kufikisha lori. Na sisi tulikuwa hapo hatua mia nne, hatuna kazi.

Hii siyo hesabu ngeni. Mama Wangari Maathai alipanda miti saba ya kwanza Juni 5, 1977 hapa hapa Nairobi, Kamukunji, na alipoingiza akina mama wa vijijini kwa kazi hiyo alikuwa anawalipa senti chache kwa kila mche uliopona. Uliopona. Siyo uliopandwa. Mama alielewa kwamba ukilipia kupanda utapata mashimo na ukilipia kupona utapata msitu, na mtu maskini atapata sababu ya kuamka saa kumi na moja kumwagilia. Mpaka 2004 akapewa Nobel. Karibu miaka hamsini baadaye tunarudi kulipia lori?

2. MKATABA.

Sheria ya misitu ya 2005 ilileta vyama vya jamii vya misitu, na ile ya 2016, namba 34, ikarudia na kuongeza, jamii iliyosajiliwa ikubaliwe kuingia mkataba wa kusaidia kusimamia msitu na ipate haki ya matumizi. Na haki zenyewe zimetajwa, siyo mimi natunga: asali, kuni, dawa za mitishamba, majani ya mifugo, utalii wa mazingira, vitu vya ufundi. Katiba nayo ibara ya 69 inasema serikali ihakikishe faida ya maliasili inagawanywa kwa usawa, na kwenye ibara hiyo hiyo, mstari unaofuata tu, ndiyo inasema miti ifikie angalau asilimia 10 ya nchi. Ile hesabu ya kitaifa ya 2021 ilipata miti imefika asilimia 12.13. Hongereni kabisa, nasema kwa moyo mweupe. Mstari wa pili mmeupita. Mstari wa kwanza ndio bado.

Sisi tumesajiliwa, tuko na cheti, tuko na katiba ya chama, tumechangia pesa ya mtaalamu aliyetuandikia mpango wa usimamizi wenye ramani na rangi. Uko kwenye meza yenu. Mara ya mwisho niliambiwa unangoja sahihi moja, na mwenye sahihi yuko semina. Nikauliza semina ya nini. Nikaambiwa ya kushirikisha jamii.

Bila huo mkataba kila kitu tunachofanya ndani ya msitu ni hisani ya renja wa siku hiyo. Akiwa mzuri tunapita. Akibadilishwa tunaanza upya kujuana.

3. KUNI.

Hapa nitasema kisa kimoja tu. Shosho anakata risiti yake ya mwezi ya kuokota kuni zilizokauka, mzigo wa kichwa, na ana risiti za miaka amezifunga na lastiki. Siku moja mwaka jana akasimamishwa na renja mgeni, akatoa risiti, akaambiwa hiyo ilikuwa ya utawala wa zamani. Utawala gani, jamani, risiti ni ya wiki iliyopita! Akanyang'anywa panga na kamba, akakaa chini ya jua mpaka saa tisa, kuni zikaachwa pale pale zikaoza. Alirudi nyumbani akapikia mtoto wa watu chai na gesi ya kuazima. Na Shosho ndiye huwa anapigia ofisi yenu simu akisikia msumeno usiku, kwa simu yake ya kubonyeza, kwa kredo yake. Sasa sijui kama atapiga tena. Mimi nikiwa yeye singepiga.

4. KAZI ZA GETI, UZIO NA NJIA.

Msitu wetu sasa una geti, una watu wa baiskeli, una watu wa kutembeza mbwa, watu wa kupiga picha za arusi kila Jumamosi. Ni vizuri, sipingi, hata mimi nilipiga yangu huko. Lakini wanaokata tiketi, wanaofagia, wanaolinda, wote wanashushwa na gari ya kampuni kila asubuhi kutoka mbali. Karura mnaijua, ule msitu wa hapa hapa Nairobi. Miaka ya 90 mwishoni Karura ilikuwa mahali pa kutupwa maiti na kugawiana ploti, na baadaye ilipofungwa uzio vijana wa mtaa wa pembeni ndio walichukuliwa kuwa skauti, wale wale waliokuwa wanajua kila njia ya kuingilia. Hiyo ni akili. Mwizi wa kuku akipewa kazi ya kulinda kuku na akalipwa mwisho wa mwezi utashangaa vile kuku watazaana. Sisi vijana wetu wako hapo, wanakaa kwa daraja wakiangalia gari ya kampuni ikipita.

5. MIZINGA.

Tuko na mizinga 12 ya nyuki tuliyosaidiwa na watu wa kanisa. Tuliambiwa tungoje barua ya ruhusa. Iko stoo ya kanisa, miwili imeliwa na mchwa. Hiyo tu.

Sasa najua majibu yenu, kwa sababu nimeyasikia kwa korido, kwa simu na kwa ngazi. Wacha niyajibu hapa ili tusipotezeane wakati.

Mtasema tenda iko mtandaoni, kila mtu aombe. Sawa. Serikali yenyewe ilisema asilimia 30 ya ununuzi wake iwekewe akina mama, vijana na watu wanaoishi na ulemavu, huo mpango uko tangu 2013, na cheti chake tunacho, tulifuatilia mpaka soli zikaisha. Lakini tenda yenu ilitaka mtu awe amefanya kazi ya mamilioni miaka mitatu mfululizo na awe na lori. Mama wa githeri atatoa wapi lori? Na lori ya nini, wakati msitu uko hatua mia nne? Tungebeba kwa kichwa na bado tungefika kabla ya mgeni rasmi.

Mtasema mkiachiwa mtafyeka. Hapa nisidanganye, kuna vijana wetu walikata, mmoja ni binamu yangu, na alifungwa na hakuna mtu alimtetea. Lakini angalieni pia historia. Ukataji ulipigwa marufuku Februari 2018 mpaka rais akatangaza kuondoa Julai 2023, na miaka hiyo yote huku mtaani makaa yalipanda bei lakini hayakukosekana hata siku moja, mkebe ulikuwepo kila kibanda. Marufuku haikumaliza njaa, ilibadilisha tu nani anakula. Na Karura ile iliyokatwa vipande vya nyumba za kifahari haikukatwa na mama wa kuni, ilikatwa kwa karatasi za ofisini, na Januari 8, 1999 Mama Wangari alipoenda kupanda mti pale getini alipasuliwa kichwa. Waliompiga hawakuwa wanatafuta kuni za githeri.

Mtasema huu ni msitu wa mjini, siyo wa kuleta mapato, watu wa mjini watafute kazi za mjini. Hili ndilo huwa linaniuma zaidi kwa sababu linasemwa na watu waliosoma. Kuna utafiti ulifanywa kwa kaya karibu 8,000 kwenye nchi 24 za joto, ukatolewa 2014, ukaona kwa wastani kama asilimia 22 ya mapato ya kaya zinazokaa karibu na misitu inatoka msituni, kuni zikiwa mbele. Ni kweli hao wengi ni wa vijijini. Lakini niambieni tofauti ya Shosho na hao ni gani, zaidi ya kwamba yeye anasikia matatu zikipiga honi akiokota.

Na siyo lazima ukate mti ndio ule. Nendeni Kilifi muone watu wa pembeni mwa Arabuko-Sokoke, tangu 1993 wanafuga vipepeo kwa mradi wa Kipepeo, wanauza vile vifukofuko ng'ambo kwa nyumba za maonyesho, yaani mtu anasomesha mtoto na mdudu, na mdudu huyo hapatikani msitu ukiisha. Nendeni Kwale pale Gazi, Mikoko Pamoja, walianza mradi wa kuuza hewa ya kaboni ya mikoko yao 2013, yaani wanalipwa kwa ule moshi wa dunia ambao miti yao inaumeza, ni hekta 117 tu hivi, na pesa inaamuliwa na wanakijiji wenyewe, imeleta maji, imenunua vitabu vya shule. Kakamega kuna kikundi cha wakulima wa Muliru wanalima aina ya mrehani wa porini kwenye mashamba yao wenyewe, wanakamua mafuta, wanatengeneza dawa ya kuchua, na 2010 wakapewa tuzo ya Umoja wa Mataifa ya Equator. Wao hata hawaingii msituni kuchuma, wameutoa mmea nje wakaupunguzia msitu mzigo.

Na msiseme hayo ni ya Kenya peke yake ama ni ya wafadhili. Vukeni hapo Tanzania, Kilwa, kijiji kinaitwa Kikole. Sheria yao ya misitu ya 2002 inaruhusu kijiji kutenga msitu wake na kuuza mbao zake chenyewe, pesa ikae kijijini. Wakaanza na mpingo, ule mti wa zumari na vinyago, wakahesabu upi uvunwe na upi ungoje, na 2009 wakapata cheti cha kimataifa cha FSC, kile cha kuonyesha mbao zimevunwa bila kuharibu msitu. Kabla ya hapo mfanyabiashara alikuwa anakuja na gari, anaacha pesa ya chai kwa mwenyekiti, anaondoka na gogo. Si ni kama hapa tu? Tofauti ni kwamba mtu alisaini karatasi.

Mtasema bajeti hakuna. Basi mbona bajeti ya lori ilikuwepo, ya mahema na viti vya nguo nyeupe ilikuwepo, na zile fulana za kijani? (Niko na moja, naivaa nikichimba.) Sisi hatuombi bajeti mpya. Tunaomba ile ile ishuke mlimani ifike kwetu.

Tunachoomba basi ni haya, na nimeyapunguza makusudi ili yasiwe kisingizio cha kuunda kamati:

Kwanza, mkataba wetu usainiwe ndani ya siku 30, ama turudishiwe kwa maandishi tukiambiwa kosa liko ukurasa gani.

Pili, msimu ujao wa mvua miche ya msitu huu inunuliwe kwa vikundi vya mpakani kwanza, sisi na wale wenzetu wa upande wa mto, na malipo yagawanywe: sehemu siku ya kupanda, sehemu kubwa baada ya mwaka mmoja kwa kila mti ulio hai, tuhesabu pamoja, wewe na kamba yako mimi na yangu. Miti ikifa msitulipe. Sisi ndio tunaomba hiyo, hatuiogopi.

Tatu, renja wote wajulishwe risiti ya kuni ni nini, na Shosho arudishiwe panga lake. Lina mpini wa raba nyekundu.

Nne, kampuni yoyote inayopewa kazi ya geti na ulinzi iandikiwe kwenye mkataba wake kwamba nusu ya wafanyakazi watoke mitaa inayopakana na msitu. Na mizinga tupewe ruhusa, hiyo haina gharama, nyuki hawali bajeti.

Siku 30 zikipita kimya nitaandika kwa Tume ya Haki ya Utawala, maana kazi yake ni hizi ofisi zinazopiga muhuri na kunyamaza, na nitatumia ibara ya 35 ya katiba kuomba nambari kamili: ni miche mingapi ilinunuliwa kwa msitu huu tangu Novemba 2023, kwa nani, kwa bei gani, na mingapi ni hai. Siyo vitisho, mheshimiwa. Ningependa zaidi uje wewe mwenyewe.

Kitalu tumekianza tena, kidogo, miche 6,000, hii mara tukakopa kwa uoga. Geti ni la mabati ya bluu, liko kando ya mtaro baada ya kinyozi, ukipotea uliza kwa Shosho steji, githeri yake siku hizi anapika kwa sufuria ya kuazima kwa hivyo inaisha saa sita, fika mapema. Asubuhi saa mbili tutakuwepo tunakata mizizi. Miwiri iko tayari kabisa, ikivuka mvua hii tutaanza tena ile kazi ya kuchanika.

Wako mtiifu,

Katibu wa kikundi
(jina na nambari ya simu mnazo, ziko kwenye barua zote nne)

Nakala: Mwenyekiti wa kikundi, chifu wetu, yule dada wa kaunta, asante kwa kiti siku ile